Balbu Tisa Kwenye Kopo la Kahawa

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: kwa umeme wa magari, hapa kijijini kwetu Lillsele hakuna aliyenizidi. Nimesomea ufundi miaka mitatu sekondari, nimefaulu, na cheti changu Bibi Gunvor amekitundika chooni, mahali ambapo, kwa maneno yake, kila mgeni ana muda wa kukisoma hadi mwisho. Gari likiumwa, mimi nalisikia kabla halijakohoa. Halafu jambo la pili: mimi Melker nikiahidi, nimeahidi. Shika hayo mawili, ufundi na ahadi, twende.

Mgonjwa wetu alikuwa gari la mdogo wangu Tuva. Tuva ana miaka kumi na sita, na kwa umri huo huku kwetu huruhusiwi kuendesha gari la watu wazima, lakini unaruhusiwa epa. Epa ni gari la kawaida lililofungwa kamba mguuni: limepunguzwa mwendo lisizidi kilomita thelathini kwa saa, viti vya nyuma vimeng'olewa, na mgongoni limebandikwa pembetatu nyekundu ya kuwaambia wenye haraka zao, vumilieni. Nao huvumilia, watafanyaje? Barabara yetu ina kona nyingi kuliko nyumba. Epa moja ikitoka Lillsele huburuta nyuma yake msururu wa magari kama bata na vifaranga vyake, na kifaranga cha mwisho hupiga honi.

Hili la Tuva liliundwa kabla mama yetu hajaanza shule. Lina umbo la sanduku la viatu na rangi ya haradali iliyosahauliwa kwenye friji. Katikati ya mwezi wa tano lilikwenda kwenye ukaguzi. Mkaguzi akasimama nyuma, akasema, "Kanyaga breki." Tuva akakanyaga. "Kanyaga, nimesema." Tuva akasema amekanyaga mpaka goti linauma. Taa za breki zote mbili zilikuwa giza. Tukapewa mwezi mmoja wa kurekebisha na kurudi, mwisho wake Ijumaa ya tarehe kumi na tatu mwezi wa sita. Ikipita siku hiyo bila kupita, gari haligusi barabara.

Ingekuwa ni kukosa matembezi tu, nisingelihadithia. Lakini kuanzia Jumatatu inayofuata Tuva alikuwa amepata kazi ya likizo kwa Ingegerd, mama mwenye mbuzi sitini anaowapandisha malishoni huko juu msituni kila kiangazi na kutengeneza jibini. Ni kilomita kumi na tisa kutoka kwetu. Mbuzi hukamuliwa saa kumi na mbili asubuhi. Basi hupita saa sita mchana, likijisikia. Baba na mama wako Norwei kwenye kiwanda cha samaki, wanarudi wiki moja kwa mwezi. Mimi Jumatatu hiyo hiyo nilikuwa naanza kazi kiwanda cha mbao, upande wa pili kabisa, kwa pikipiki yenye nguvu za mashine ya kukatia nyasi. Na Ingegerd si mtu wa kubembelezwa. Alimwambia Tuva, "Mbuzi hawaelewi habari za lifti. Jumatatu saa kumi na mbili nikisikia gari lako linapanda, kazi ni yako. Nisiposikia, nampigia simu aliye wa pili kwenye orodha."

Tuva anaitaka kazi hiyo tangu akiwa na miaka saba, siku Ingegerd alipomruhusu kumpa jina mbuzi mchanga. Alimwita Askofu, kwa ajili ya ndevu. Askofu ni jike, lakini jina limekaa.

"Usijali," nikamwambia. "Balbu tu hizo. Balbu ni mchezo wa watoto."

Nikanunua boksi la balbu kumi, nikatia mbili. Zile mbili zilizokufa nikazitupa kwenye kopo tupu la kahawa hapo kwenye banda letu. Nikamkalisha Bibi Gunvor kwenye kiti cha dereva, nikasimama nyuma. "Kanyaga, Bibi!" Zikawaka nyekundu kama masikio ya mtu aliyetoka sauna.

"Umemaliza?" Bibi akauliza.

"Nimemaliza."

"Mbona mapema hivyo? Babu yako kwa kazi kama hiyo angepata siku tatu za kutoosha vyombo."

Jumamosi Tuva akatoka na epa kama kawaida ya Jumamosi, kuzunguka mjini na wenzake, kutoka kituo cha mafuta hadi kanisani, kanisani hadi kituo cha mafuta, mpaka njia yenyewe inaona kizunguzungu. Aliporudi akasimama mlangoni mwa banda akiwa amejishika kiuno.

"Wamefariki," akasema.

"Nani?"

"Wagonjwa wako. Wote wawili. Loke alikuwa nyuma yangu, amekaribia kuingia kwenye buti."

Loke ni mtu niliyesoma naye darasa moja. Ana mdomo kama tarumbeta, tutakutana naye.

Sikutishika. Nikasema ni unyevu. Nikafungua taa, nikakausha, nikasugua kwa msasa mahali waya wa kurudisha umeme unaposhika bodi ya gari, nikatia balbu mbili mpya. Wiki nzima Tuva akaenda shule na kurudi, taa zinawaka. Nikatembea kijijini nimetoa kifua. Tulikuwa na nafasi ya ukaguzi Jumatatu. Jumamosi jioni, zimekufa. Nikaahirisha ukaguzi, maana fundi hapeleki kazi nusu.

Wiki iliyofuata nikaingia kazini kweli. Nikapima betri kwa mita: volti sawa sawa. Nikapima huku injini inavuma: sawa. Nikabadilisha swichi ya breki, ile ndogo iliyo juu ya kanyagio, huku nimelala chali miguu ikining'inia nje ya mlango, na mbwa wa jirani akaja kuninusa soksi akakimbia. Nikabadilisha vishikio vya balbu. Nikatia balbu mbili. Jumamosi, zimekufa. Nikaahirisha tena. Kwenye kopo la kahawa sasa zilikuwa nane: mbili za mwanzo na sita zangu.

Hapo lazima nikueleze kuhusu sanduku.

Epa bila muziki ni harusi bila chakula. Siku Tuva alipotimiza miaka kumi na tano nilimpa zawadi ya sanduku la spika nililolitengeneza mwenyewe kama mradi wa mwisho wa shule. Mbao za msonobari, zimepigwa msasa hadi nzi anateleza, ndani spika mbili za besi, kila moja upana wa sufuria ya viazi. Mwalimu wangu alipoliwasha mara ya kwanza miwani yake ilishuka puani, akanipa alama ya juu kabisa. Nililifunga kwenye buti kwa bolti nne nene, limebana kwenye ukuta wa nyuma. Na ukuta huo huo, upande wa pili, ndio unaoshika taa. Usinitangulie. Wewe umekaa mahali unasoma kwa utulivu, mimi nilikuwa chini ya gari.

Bibi Gunvor ndiye aliyeanza kulitilia shaka. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni huteremsha vikombe kimoja kimoja kutoka kwenye rafu ya jikoni na kuvipanga mezani juu ya taulo. Nilidhani anafuta vumbi. Jumamosi ile ya tatu nikamuuliza.

"Navificha," akasema. "Mkipita na lile sanduku lenu, vinatembea. Kile cha maua kilifika ukingoni peke yake, nikakidaka. Vikombe vyangu vinajua Tuva anakuja kabla mbwa hajajua."

"Pole, Bibi."

"Mimi sihitaji pole. Nawaza tu. Kama kikombe kilichoko jikoni kinatembea, balbu iliyofungwa mgongoni mwa sanduku inafanya nini?"

Nikacheka, nikamshika bega kwa huruma, kama daktari. "Bibi, hizi taa ni umeme. Umeme hauna masikio."

"Basi sawa," akasema Bibi, akaendelea kupanga vikombe. Bibi akisema "basi sawa" kwa sauti ile, ujue amekuandika mahali.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Tuva alikuja bandani nikiwa natia jozi ya nne. Hakuwa na utani.

"Melker, ni sanduku."

"Nani amekwambia? Bibi?"

"Hakuna aliyeniambia. Naenda shule asubuhi na sauti ndogo, zinapona. Nazunguka Jumamosi na sauti kubwa, zinakufa. Hiyo inahitaji cheti cha chooni?"

"Tuva, sikiliza. Sanduku hilo lina alama ya juu kabisa."

"Alama ya muziki. Taa je?"

"Mwalimu wangu mwenyewe—"

"Mwalimu wako hatakwenda kukamua mbuzi!" Akachezea kifuniko cha kopo la kahawa. "Kesho saa nne nitakuwa kanisani, nafunga shule, naimba na wenzangu. Wewe ndiye utalipeleka. Hakuna siku nyingine baada ya kesho. Sikuombi ulitoe sanduku. Naomba jambo moja: usiwashe muziki. Kwenda, usiwashe. Hata kidogo."

"Nimeahidi."

"Sema lote."

"Naahidi sitawasha muziki, kwenda, hata kidogo."

Na nilimaanisha. Hilo uliandike.

Ijumaa kulikuwa na jua la kutia watu wazimu. Tuva aliondoka na nguo nyeupe na ua kwenye nywele, kwa gari la jirani. Mimi nikaingia kwenye epa, balbu mbili taani, mbili za akiba kwenye droo ya dashibodi, nikashika njia. Kituo cha ukaguzi ni kilomita thelathini na moja, maana yake kwa epa ni saa nzima na dakika za ziada za kuhesabu nzi waliokufa kwenye kioo. Nilipopita kituo cha mafuta nikasogea karibu na dirisha lake kubwa, nikakanyaga, nikatazama kwenye kioo cha pembeni: macho mawili mekundu yakanitazama kutoka dirishani. Safi. Nikaendelea, kimya kama nabeba maiti. Nyuma yangu msururu ukaanza kukusanyika. Lori, gari la posta, gari fulani la kijani, na wengine sikuwahesabu.

Katikati ya njia kuna kibanda cha aiskrimu kando ya ziwa. Siku ya kufunga shule kila kijana wa wilaya hii aliyekwisha kumaliza shule huwa hapo, amekaa juu ya boneti la mtu mwingine. Nikapunguza mwendo, maana watoto huvuka ovyo. Na juu ya boneti la kwanza kabisa alikaa Loke, aiskrimu mkononi.

"Ooooh!" akapiga kelele. "Tazameni! Fundi Melker na jeneza lake!"

Nikapunga mkono.

"Mbona kimya? Sanduku limekufa nalo? Hukuwa na balbu ya kulitia?"

Watu wakacheka. Kulikuwa na wasichana watatu wa mji wa jirani ambao sijawahi kuwaona, nao wakacheka, bila hata kujua habari yenyewe. Mmoja akasema, "Hiyo ni epa ya bibi yake?"

Sasa nikuulize wewe. Una sanduku lililompandishia mwalimu presha. Una kidole. Kati ya kidole na kitufe ni kama upana wa kiganja. Nilijiambia: wimbo mmoja. Nikajiambia tena: nusu wimbo. Hata hivyo Tuva alisema "kwenda", na kusimama kidogo kwa ajili ya watoto si kwenda haswa.

Nikawasha.

Ulikuwa ule wimbo wa kiangazi hiki, wenye besi inayoingia kwa miguu na kutokea kwa meno. Aiskrimu ya Loke ilitetemeka, naapa, ikamdondokea kwenye suruali. Wasichana wakaruka wakaanza kucheza. Nikapita hapo taratibu kama mfalme, kiwiko dirishani, nikaona nikizima hapo hapo itakuwa kama nimeogopa, kwa hiyo nikauacha mpaka kona. Baada ya kona kiitikio kilikuwa ndiyo kinaanza, na kiitikio hakikatwi. Nikazima wimbo ulipokwisha. Ukweli ni kwamba wa pili ulikuwa umeshaanza.

Kituo cha ukaguzi kina milango mirefu ya kioo. Nikarudi nyuma taratibu nikaipa mgongo, nikakanyaga, nikatazama kwenye kioo cha pembeni.

Jicho moja.

Nikaachia, nikakanyaga tena. Jicho moja, la kulia. La kushoto lilikuwa limefumba kama linanikonyeza. Nikaona Jumatatu asubuhi, Tuva amekaa ngazini na viatu vyake vya mpira, anasikiliza saa ya jikoni ikigonga kumi na mbili. Zilibaki dakika nne niitwe ndani.

Nikaruka nje, nikafungua buti, nikachomoa balbu iliyokufa, nikaitumbukiza mfukoni. Nikachukua ya akiba. Vidole vyangu, hivi vyenye cheti, vikafanya haraka kuliko akili. Balbu ikaniponyoka, ikagonga lami, ting, ikawa sukari. Ikabaki moja duniani. Niliishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayebatiza mtoto, nikaingiza, nikazungusha. Nikamwomba mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake anikanyagie breki.

"Zinawaka zote mbili," nikasema.

"Ulitegemea nini?" mzee akauliza.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye nywele fupi za mvi, kifuani ameandikwa Solbritt. Akasimama nyuma. "Kanyaga." Nikakanyaga, macho nimefumba. "Achia. Kanyaga. Achia." Akaandika. "Imepita."

Nilitaka kumbusu, ila huku kwetu watu hupigiana simu kwanza. Badala yake nikaropoka: "Kwa hesabu zangu zimekufa balbu tisa katika mwezi mmoja. Nimebadilisha kila kitu. Wewe umewahi kuona jambo kama hilo?"

"Unayo iliyokufa?"

Nikaitoa mfukoni. Solbritt akaiinua kwenye mwanga, akaigeuzageuza, halafu akaisogeza sikioni akaitikisa. Akanipa. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Ndani mlikuwa na kisauti chembamba, kama chembe moja ya mchanga ndani ya chupa.

"Balbu iliyochoka au iliyozidiwa umeme," akasema, "mara nyingi kioo chake hufanya weusi, hupata moshi kwa ndani. Hii ni safi kama machozi. Uzi wake wa ndani haukuungua, umekatika. Imetikiswa mpaka imekatika, na uzi ukiwa wa moto hukatika upesi zaidi. Umebeba nini huko nyuma?"

"Viatu," nikasema.

Solbritt akatazama kwenye buti. Akatazama sanduku, spika mbili, bolti nne, waya nene kama mkia wa paka.

"Viatu vyako ni vya namba kubwa," akasema. "Mwingine!"

Nikarudi nyumbani kimya, na safari hii hakuna aliyeniomba. Kwenye banda nikamimina kopo la kahawa juu ya meza, nikachukua balbu nane moja moja, nikazitazama kwenye mwanga. Zote safi kama machozi. Ushahidi wote nilikuwa nao tangu mwezi wa tano, nimeufunika kwa kifuniko. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema. Hii yangu ilivuma ikapasua balbu jirani zake. Nikairudisha ile ya tisa pamoja na wenzake. Halafu nikachukua spana nikafungua bolti nne. Ilikuwa kama kuuza mbuzi aliyekuzoea. Kwenye bolti ya mwisho nilipumzika mara mbili.

Saa tisa tulikuwa uani kwa Bibi, kula keki ya krimu na stroberi ya kumpongeza Tuva. Meza ya bustani ina mguu mbovu tangu Pasaka, kwa hiyo nililiweka sanduku langu katikati ya nyasi, Bibi akalitandikia kitambaa, akapanga vikombe juu yake. Vilitulia.

Tuva alipoiona karatasi ya ukaguzi alipiga kelele hadi mbwa wa jirani akajibu. Alinirukia shingoni na krimu yote. "Imepita! Bibi, imepita! Na sanduku umelitoa? Wewe? Mwenyewe?"

"Kaa chini, nikusimulie," nikasema.

Wakati huo Ingegerd alikuwa ameshafika, ameleta viatu vya mpira vya kazi na kipande cha jibini kwenye karatasi. Aliegesha chini barabarani, akapanda kwa miguu, akapewa kikombe, akakaa pembeni kwenye kiti cha babu. Ingegerd hula keki kama anavyokamua, kwa bidii na bila mazungumzo. Sikumtilia maanani, na msimuliaji akishaanza hatazami pembeni.

Nikasimulia vizuri. Nilieleza jinsi nilivyoamka alfajiri na wazo. Jinsi nilivyoziweka balbu nane mstari mmoja, nikazisikiliza moja moja kwa sikio la kitaalamu, nikagundua kwamba uzi haukuungua bali umekatika. Tofauti ya kioo cheusi na kioo safi niliieleza mara mbili. Nikafikia habari ya njiani. "Saa nzima kimya," nikasema. "Nasikia nzi anavyofikiri. Pale kibandani wakanitukana, Loke akaliita gari jeneza, na wasichana watatu wakacheka. Kidole changu hakikusogea. Nilijiambia, nimemwahidi Tuva."

Tuva aliniangalia, macho yakamlowa kidogo. "Melker," akasema. "Nilidhani hutaweza."

"Ahadi ni ahadi," nikasema, nikajikatia kipande cha pili.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi Gunvor, "umeme sasa una masikio?"

"Kidogo, Bibi."

"Vizuri." Alikuwa amelileta kopo la kahawa kutoka bandani, sijui lini. Akalifungua, akamimina balbu juu ya kitambaa, akazigawa kwa kidole kama anayehesabu mayai. "Umesema nane."

"Nane, ndiyo."

"Mbona mimi napata tisa?"

Nikatafuna. "Hiyo... ilikuwa mbovu tangu dukani."

"Uzi wake umekatika," akasema Tuva, ameiinua kwenye jua, kwa kutumia elimu niliyompa mwenyewe dakika tano zilizopita. "Kioo safi." Akaitikisa sikioni. Uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama maziwa yanayoganda. "Melker. Hii imekufa lini?"

Ingegerd akaweka sahani chini. Akafuta krimu mdomoni.

"Saa nne na dakika ishirini," akasema. "Baada ya kibanda cha aiskrimu."

Wote tukamgeukia. Chini barabarani, kando ya sanduku la barua, niliona sasa kwa mara ya kwanza kile alichokuja nacho: gari la kijani.

"Nilikuwa namfuata toka daraja la kwanza la njiani," akaendelea Ingegerd. "Kilomita ishirini na mbili nyuma ya pembetatu ile, mtu hana kingine cha kutazama. Nilizitazama hizo taa, nikasema moyoni, zikifika zimewaka, Askofu amepata mkamuaji. Zikawaka kona zote, vizuri kabisa. Tukapita kibandani, kioo changu kikaanza kulia, na kwenye kiitikio ya kushoto ikazimika. Nikasema, basi, kazi imekwenda. Sijui aliitengenezaje kule mbele, lakini Jumatatu nakungoja, Tuva, hilo tumemaliza." Akachukua kikombe chake kutoka juu ya sanduku. "Wimbo wa pili, lakini, sikuupenda."

"Wa pili?" akasema Tuva.